Shule na Mzazi Wanapotofautiana: Haki za Wanafunzi Wenye Ulemavu Nchini Marekani

Mwezi Machi mwaka 2023, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliafikiana katika shauri lililofunguliwa na kijana kiziwi dhidi ya mamlaka ya shule za umma za mji wa Sturgis, jimboni Michigan. Kijana huyo alihamia Marekani akitokea Meksiko, na alisoma katika shule za mji huo tangu umri wa miaka 9 hadi miaka 20. Kwa mujibu wa madai yake, wasaidizi aliopangiwa darasani hawakuwa na ujuzi wa lugha ya alama, na nyakati nyingine walimwacha peke yake kwa saa nzima nzima. Hata hivyo ripoti zilizofika nyumbani zilionyesha alama nzuri, na kila mwaka alipandishwa darasa. Ilikuwa miezi michache tu kabla ya mahafali ambapo wazazi wake waliarifiwa kwamba hangepewa cheti cha kuhitimu.

Shauri hilo, linalojulikana kwa jina la Perez dhidi ya Sturgis, lilihusu swali la kitaalamu la utaratibu wa kudai fidia. Nyuma ya swali hilo, hata hivyo, kuna jambo linalomgusa kila mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu, na hasa mzazi aliyehamia nchini humo na ambaye Kiingereza si lugha yake: mtoto anaweza kukaa darasani miaka mingi, akasifiwa, na bado asipate elimu anayostahili kisheria. Sheria za Marekani zimempa mzazi mamlaka ya kuhoji, kukataa na kushtaki. Mamlaka hayo yana masharti na muda maalumu, na mzazi asiyeyafahamu anaweza kuyapoteza bila ya yeyote kumnyang'anya.

Makala haya yanaeleza haki hizo zilivyo, namna mgogoro unavyoendeshwa, na mambo ambayo mzazi anapaswa kuyazingatia tangu siku ya kwanza.

Chimbuko la haki

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule nyingi za umma nchini Marekani zilikuwa na uhuru wa kumkataa mtoto mwenye ulemavu. Bunge la nchi hiyo lilipochunguza hali ilivyokuwa, lilibaini kwamba watoto wenye ulemavu walizidi milioni 8, kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata elimu iliyowafaa, na kwamba milioni 1 walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyokomesha utaratibu huo. Sheria hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1990 ikawa Sheria ya Elimu kwa Watu Wenye Ulemavu, na hutajwa kwa kifupi kuwa IDEA. Katika mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023, wanafunzi wapatao milioni 7.5, yaani takriban asilimia 15 ya wanafunzi wote wa shule za umma, walihudumiwa chini ya sheria hiyo.

Kiini cha IDEA ni kwamba kila mtoto mwenye ulemavu anayehitaji mafunzo maalumu, tangu umri wa miaka 3 hadi 21, ana haki ya kupata elimu ya umma inayomfaa bila malipo. Huduma zinazoandamana na mafunzo, kama vile matibabu ya usemi, tiba ya viungo na usafiri, nazo hutolewa bila malipo iwapo mtoto anazihitaji ili anufaike na masomo. Aidha, mtoto anapaswa kusoma pamoja na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyowezekana. Kumtenga darasani kunahitaji sababu.

Haki hii haitegemei uraia. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo hayawezi kuwanyima watoto elimu ya umma kwa sababu tu hawana vibali vya ukaazi.

Mahitaji ya mtoto na huduma atakazopewa huandikwa katika waraka uitwao mpango wa elimu wa mtoto binafsi, unaofahamika shuleni kwa herufi IEP. Waraka huu hutungwa na jopo linalojumuisha walimu, mwakilishi wa wilaya ya shule na mzazi. Mzazi ni mjumbe kamili wa jopo hilo, wala hakualikwa kuarifiwa tu yaliyokwisha kuamuliwa. Mpango hupitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na tathmini ya mtoto hurudiwa angalau kila baada ya miaka 3, isipokuwa mzazi na shule wakikubaliana kwamba haihitajiki.

Elimu "inayofaa" ni ipi?

Migogoro mingi hutokana na neno hili moja. Mwaka 1982, katika shauri la Rowley lililomhusu mwanafunzi kiziwi wa jimbo la New York, Mahakama ya Juu ilisema kuwa shule hailazimiki kumpa mtoto elimu bora kuliko zote. Inatosha mpango uwe umeandaliwa kwa namna ya kumwezesha kunufaika. Kwa kuwa mwanafunzi huyo alikuwa akifaulu na kupanda madarasa, mahakama haikuilazimisha shule kumpa mkalimani wa lugha ya alama.

Baada ya hukumu hiyo, baadhi ya mahakama za chini ziliushusha mno wastani, zikaona kwamba manufaa kidogo yanayozidi sifuri yanatosha. Tarehe 22 Machi 2017, katika shauri la Endrew F. lililomhusu mwanafunzi mwenye usonji wa jimbo la Colorado, Mahakama ya Juu iliikataa tafsiri hiyo kwa kauli moja. Ilisema kwamba mpango wa elimu sharti uandaliwe kwa namna itakayomwezesha mtoto kupiga hatua zinazolingana na hali yake, na kwamba malengo yake yawe na changamoto kwake.

Kutokana na hukumu hiyo, mzazi ana swali la msingi la kuuliza katika kila kikao: mwaka jana mtoto wangu alikuwa wapi, leo yuko wapi, na mmepimaje? Ikiwa malengo ya mwaka huu ni yale yale ya mwaka jana na ya mwaka juzi, hiyo ni ishara kwamba mpango unahitaji kuhojiwa, hata kama alama za ripoti ni nzuri.

Lugha na maandishi

Jumuiya za wazungumzaji wa Kiswahili zimekua katika miji kadhaa ya Marekani, wakiwemo wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi. Kwa familia hizi, haki ya lugha ndiyo ufunguo wa haki nyingine zote.

Kwanza, shule inalazimika kuchukua hatua zinazohitajika ili mzazi aelewe yanayojadiliwa katika kikao cha IEP, ikiwa ni pamoja na kuleta mkalimani. Gharama si ya mzazi. Ni vyema ombi hilo liwasilishwe kwa maandishi mapema, na lugha itajwe waziwazi, kwa kuwa ofisi nyingi hazitofautishi kati ya Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi. Mtoto mwenyewe au ndugu yake asitumike kutafsiri mambo mazito yanayomhusu.

Pili, tathmini ya mtoto inapaswa kufanywa katika lugha na namna itakayoonyesha uwezo wake halisi. Mtoto hawezi kutajwa kuwa na ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza vizuri. Kinyume chake pia ni muhimu: ugeni wa lugha usigeuzwe kuwa kisingizio cha kumcheleweshea tathmini mtoto ambaye kweli ana ulemavu.

Tatu, kila shule inapokusudia kuanzisha au kubadilisha huduma, au inapokataa ombi la mzazi, inapaswa kutoa taarifa ya maandishi inayoeleza uamuzi, sababu zake na ushahidi uliotumika. Taarifa hiyo hutolewa katika lugha ya mzazi, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kwamba haiwezekani. Mzazi aliyejibiwa kwa mdomo kwamba "huduma hiyo hatuna" ana haki ya kuomba jibu hilo liandikwe. Mara nyingi shule ikitakiwa kuandika sababu, huanza kuzitafakari upya.

Nne, shule haiwezi kumfanyia mtoto tathmini ya awali wala kuanza kumpa elimu maalumu bila ridhaa ya mzazi. Baada ya ridhaa ya tathmini kutolewa, kazi hiyo inatakiwa kukamilika ndani ya siku 60, au ndani ya muda uliowekwa na jimbo. Mzazi asiyekubaliana na matokeo anaweza kuomba tathmini ya mtaalamu huru kwa gharama ya umma. Hapo shule hubaki na njia mbili tu: kulipa, au kufungua shauri ili kuthibitisha kwamba tathmini yake ilifaa.

Mzazi ana haki pia ya kusoma kumbukumbu za mtoto wake kabla ya kikao au shauri, na shule haiwezi kuchelewesha kwa zaidi ya siku 45. Nakala ya mpango wa IEP hutolewa bure. Kanuni kuhusu sahihi hutofautiana kati ya majimbo. Kwa hiyo mzazi aulize kama anasaini kuthibitisha mahudhurio au kukubali mpango, na asisite kuomba muda wa kuusoma nyumbani.

Njia za kutatua mgogoro

Mazungumzo yakishindikana, IDEA imeweka njia tatu rasmi.

Ya kwanza ni usuluhishi. Msuluhishi asiyefungamana na upande wowote hukaa na pande zote mbili na kuzisaidia kuafikiana. Njia hii ni ya hiari, gharama hulipwa na jimbo, na yanayosemwa humo ni siri. Makubaliano yakisainiwa yanaweza kutekelezwa kwa amri ya mahakama.

Ya pili ni kuwasilisha malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo. Njia hii hufaa pale shule inapokiuka sheria waziwazi, kwa mfano pale mpango unapotaja saa mbili za matibabu ya usemi kwa wiki, lakini mtoto hajazipata tangu mwaka uanze. Ukiukwaji uwe umetokea ndani ya mwaka 1 kabla ya malalamiko, na kwa kawaida jimbo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Mzazi hahitaji wakili. Jimbo likiona kosa, linaweza kuiagiza shule impe mtoto mafunzo ya kufidia yale aliyoyakosa.

Ya tatu, na iliyo nzito zaidi, ni usikilizwaji rasmi wa shauri mbele ya afisa asiye mwajiriwa wa wilaya ya shule wala wa idara ya elimu ya jimbo. Kwa kawaida mzazi anapaswa kuwasilisha dai lake ndani ya miaka 2 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tatizo lililopo. Baadhi ya majimbo yameweka muda tofauti. Ndani ya siku 15 baada ya dai kupokewa, shule huitisha kikao cha maridhiano, isipokuwa pande zote zikikubaliana kukiacha au kwenda kwa msuluhishi badala yake. Katika kikao hicho shule haiwezi kuja na wakili ikiwa mzazi hana wakili. Makubaliano yakisainiwa, upande wowote unaweza kuyatengua ndani ya siku 3 za kazi, nafasi inayompa mzazi muda wa kutafuta ushauri.

Ikiwa maridhiano hayakupatikana ndani ya siku 30, shauri husikilizwa na uamuzi kutolewa ndani ya siku 45 zinazofuata, ingawa muda huo unaweza kuongezwa kwa ombi la upande mmojawapo. Mzazi ana haki ya kuwa na wakili, kuleta mashahidi, kuwahoji mashahidi wa shule, na kuzuia ushahidi ambao hakuonyeshwa angalau siku 5 za kazi kabla.

Kuna tahadhari mbili. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayeleta dai, na mara nyingi huyo ni mzazi, ingawa majimbo machache kama New York na New Jersey yameuweka kwa shule. Tena, mzazi akishinda, mahakama inaweza kuiamuru shule imlipie gharama za wakili, lakini tangu mwaka 2006 ni bayana kwamba amri hiyo haihusu malipo ya wataalamu aliowatumia kama mashahidi. Ndiyo maana kumbukumbu za mzazi mwenyewe, yaani barua, tarehe, ripoti na kazi za mtoto, zina thamani kubwa.

Mtoto anabaki wapi?

Wazazi wengi huogopa kwamba wakilalamika, mtoto atahamishwa. Sheria imelitazama jambo hilo. Wakati shauri rasmi linaendelea, mtoto hubaki mahali alipokuwa akisoma na huendelea kupata huduma zile zile, isipokuwa pande zote zikikubaliana vinginevyo. Shule haiwezi kubadilisha hali hiyo peke yake.

Ulinzi wa namna hiyo upo pia katika masuala ya nidhamu, ingawa una mipaka. Shule ikitaka kumwondoa mwanafunzi mwenye ulemavu kwa zaidi ya siku 10 za shule mfululizo, jopo lazima likutane ndani ya siku 10 za shule baada ya uamuzi huo na kuamua kama kosa lilitokana na ulemavu wake, au kama lilitokana na shule kushindwa kutekeleza mpango wake. Jibu likiwa ndiyo, kwa kawaida mtoto hurejeshwa darasani na mwenendo wake hutafutiwa ufumbuzi wa kielimu. Panapohusika silaha, dawa za kulevya au jeraha kubwa la mwili, shule inaweza kumhamishia kwingine kwa muda usiozidi siku 45 za shule. Hata hapo, elimu yake haikatizwi.

Mahakamani: milango miwili

Anayeshindwa katika usikilizwaji anaweza kwenda mahakamani, na mahali ambapo jimbo lina ngazi ya rufaa ya kiutawala, hupitia huko kwanza. Sheria ya shirikisho imeweka siku 90 za kufungua kesi tangu uamuzi utolewe, isipokuwa jimbo liwe limeweka muda mwingine. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba wazazi wana haki zao wenyewe chini ya IDEA na wanaweza kuzidai katika mahakama ya shirikisho bila wakili.

Hapa ndipo hukumu ya Perez inapopata uzito wake. IDEA hurejesha elimu: huagiza mafunzo ya kufidia, hubadilisha mpango, na mara nyingine huirudishia familia karo ya shule binafsi. Haitoi fidia ya fedha kwa madhara yaliyopita. Fidia ya namna hiyo hutafutwa kupitia sheria mbili nyingine zinazopiga marufuku ubaguzi: kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji ya mwaka 1973, na Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990. Sheria hizi mbili huwalinda pia wanafunzi wasiohitaji mafunzo maalumu, kama mtoto mwenye kisukari anayehitaji ruhusa ya kupima sukari wakati wa masomo.

Kijana wa Sturgis alikwisha kufikia makubaliano na shule chini ya IDEA, yakiwemo malipo ya masomo yake katika shule ya viziwi. Alipodai fidia kwa miaka aliyoipoteza, mahakama za chini zilimwambia kwamba alipaswa kwanza kumaliza hatua zote za IDEA. Mahakama ya Juu ilikataa: mtu hawezi kulazimishwa kukamilisha utaratibu ambao hauwezi kumpa kile anachokidai. Lakini mzazi ambaye kiini cha dai lake ni kupatiwa elimu inayofaa bado hana budi kupitia hatua za IDEA kwanza.

Tarehe 12 Juni 2025 mahakama hiyo ilipiga hatua nyingine, tena kwa kauli moja, katika shauri la A.J.T. kutoka jimbo la Minnesota. Mwanafunzi huyo ana kifafa kikali kinachomshika zaidi nyakati za asubuhi, na wazazi wake waliomba afundishwe jioni ili saa zake za masomo zikaribiane na za wenzake. Walishinda chini ya IDEA, lakini walipodai fidia waliambiwa wathibitishe kwamba shule ilitenda kwa nia mbaya au kwa uzembe wa kupindukia, kigezo kilichotumika katika kesi za elimu pekee. Mahakama ya Juu ilisema kwamba mwanafunzi asiwekewe kigezo kigumu kuliko watu wengine wenye ulemavu wanaodai haki kwa sheria hizo hizo.

Mahali pa kuanzia

Mzazi mwenye wasiwasi na aandike barua fupi yenye tarehe, aiombe shule imfanyie mtoto tathmini au iitishe kikao cha IEP, na abaki na nakala. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kikao cha IEP kinaweza kuombwa wakati wowote, si lazima kungoja kile cha mwaka.

Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo na taarifa kwa wazazi, kinachogharimiwa na serikali ya shirikisho, ambacho huwasaidia kusoma ripoti na kujiandaa kwa vikao bila malipo. Kila jimbo pia lina taasisi ya kutetea haki za watu wenye ulemavu inayotoa ushauri wa kisheria. Aidha, shule inalazimika kumpa mzazi maelezo ya haki zake zote kwa maandishi angalau mara moja kwa mwaka. Maelezo hayo ni marefu na mara nyingi hutupwa kando pamoja na karatasi nyingine za shule. Yahifadhiwe, na yakiwa yameletwa kwa Kiingereza pekee, mzazi aombe yaletwe kwa lugha anayoisoma, kwa sababu muda wa kudai haki huanza kuhesabika hata kwa asiyeyasoma.